Pete ya Ubani, Pete ya Zabadi: Duara Kubwa la Kemia Halitulii kwa Hesabu Peke Yake

Alkhamisi jioni, nyumba nyingi za Pemba huwa zishafukizwa. Kaa moja la moto ndani ya chetezo, punje mbili tatu za ubani, na mpita njia anajua nyumba ipi imewahi. Nimekulia ndani ya moshi huo. Ndiyo maana nilipokuwa kidato cha tano na mwalimu wetu akatwambia kwamba kuna kundi la molekuli linaloitwa "aromatiki", maana yake zenye harufu nzuri, sikuuliza kitu. Nilijiona nishaelewa. Akaandika ubaoni kanuni ya idadi ya elektroni, 4n+2, ambapo n ni 0, 1, 2 na kuendelea, akatutaka tuihifadhi kama tunavyohifadhi juzuu chuoni. Tukaihifadhi. Ilinichukua miaka kujua kwamba yote mawili niliyotoka nayo skuli ile, harufu na hesabu, yalikuwa yamenifichia jambo lenyewe.

Leo mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto wa kidato cha sita, katika tuisheni ya jioni hapa Wete, na kila mwaka nawakuta wamebeba mzigo ule ule. Ukiwauliza kwa nini benzini, ile pete ya kaboni sita, imetulia, wanajibu: "Kwa sababu ina elektroni sita, na sita ni 4n+2." Ukiwauliza kwa nini namba hiyo itulize kitu, wanatazamana. Makala hii ni ya hao, na ya wenzangu wanaowafundisha. Ninachodai ni kwamba kanuni ile ni swali tunalopaswa kuiuliza molekuli, nasi tumeifanya jibu. Na hakuna mahali kosa hilo linapojitokeza waziwazi kuliko kwenye pete kubwa, zile zenye kaboni nane, kumi, kumi na nane na kuendelea.

Kwanza jina, maana lina kisa kinachotuhusu. Mbali na ubani tuliouzoea, unaotoka Somalia na Arabuni ya kusini, palikuwa na utomvu mwingine uliosafiri kwa bahari kutoka upande wa Java na Sumatra. Waarabu waliuita lubani jawi, yaani ubani wa Java. Ulipofika Ulaya, watu wa huko walidhani ile "lu" ya mwanzo ni kijineno cha lugha zao, wakaikata. Kilichobaki kikageuka kidogo kidogo mpaka kikawa "benzoini". Mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich alichukua asidi inayopatikana katika utomvu huo, akaipasha moto pamoja na chokaa, akapata kimiminika chepesi, na kutokana na jina la utomvu ndipo likaja jina la benzini. Kimiminika hicho hicho Michael Faraday alikwishakipata London mwaka 1825, katika mabaki ya mafuta yaliyotumika kutengenezea gesi ya taa. Kwa hivyo neno linalowatisha watoto wetu maabara ni mjukuu wa neno ambalo bibi zao hulitaja kila wiki.

Wanakemia wa karne ya 19 waliona kwamba vitu vingi vyenye harufu, vya ubani huo, vya mdalasini, vya lozi chungu, vina pete ya benzini ndani yake, wakalipa kundi zima jina la manukato. Baadaye walielewa kwamba siri ya pete hizo haipo puani. Maana ikahama, jina likabaki pale pale. Tunaoishi visiwa vya viungo ndio tunaopotea zaidi kwa hilo, kwa sababu kwetu harufu ni kitu kizito, ni biashara na ni heshima ya nyumba. Chukua mchaichai. Unanukia mpaka chumba cha pili, na kiini cha harufu yake, sitrali, hakina pete hata moja. Benzini yenyewe nayo ina harufu, lakini asije mtu akainusa kwa kujifunza: husababisha saratani ya damu.

Utulivu unaosemwa hapa unapimika. Pete ya kaboni sita yenye kifungo maradufu kimoja, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa jozi mbili za elektroni badala ya moja, ukiilisha haidrojeni mpaka ishibe, hutoa joto la kilojuli 120 hivi kwa kila moli. Kama benzini ingekuwa ni pete ya namna hiyo yenye vifungo maradufu vitatu vya kawaida, tungetarajia 360. Inatoa 208 tu. Zile 150 zinazokosekana ni akiba ambayo benzini ilikwishaiweka kabla hujaigusa. Vifungo vyake pia vinashuhudia: vyote sita vina urefu mmoja, pikomita 139, katikati ya kifungo kimoja cha kawaida chenye 154 na kifungo maradufu chenye 134. Elektroni sita zinazoelea juu na chini ya pete, zile wanakemia wanazoziita za pai, hazimilikiwi na jirani wawili wawili. Ni mali ya duara zima.

Sisi tunaishi na ushahidi wa akiba hiyo. Makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki tukishachambua, hupelekwa kiwandani Chake Chake yakakamuliwa mafuta kwa mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujinoli, na ndani ya eujinoli mna pete ya benzini iliyopita katika mvuke wote ule bila kutikisika. Viwanda vya nje vimewahi kuichukua eujinoli ya karafuu na kuigeuza vanilini, ladha ya vanila. Wanachokata na kukibadilisha ni mkia wake. Pete inabaki kama ilivyochumwa juu ya mkarafuu.

Hapo ndipo masomo yetu yanapoishia, na hapo ndipo mimi ninapotaka yaanze.

Watu wazima wa Unguja wanajua zabadi. Zamani walikuwepo waliofuga ngawa kwa ajili yake: mafuta mazito yanayochotwa kwenye kifuko cha mnyama, yanayonuka vibaya yakiwa mengi na kunukia yakiwa kidogo, yakatumika kushikiza manukato yasiruke. Kiini cha zabadi, sivetoni, ni pete ya kaboni 17. Mwaka 1926 Leopold Ružička, aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alipobainisha hivyo, wenzake walishituka, kwa sababu tangu 1885 walikuwa wakifuata nadharia ya Adolf von Baeyer. Baeyer alizichora pete zote zikiwa bapa, akapiga hesabu ya pembe, akahitimisha kwamba pete iliyozidi sana sita itakuwa na mkazo mkubwa mno kuweza kudumu. Kumi na saba ilikuwa haifikiriki. Ngawa hakuwa na habari na hesabu hiyo.

Kosa la Baeyer lilikuwa kudhani kwamba duara lazima lilale chini kama sahani. Pete ya zabadi hailali. Inajikunja, inajipinda juu na chini kama uzi uliofungwa ncha zake ukatupwa mkekani, na kwa kujikunja kila kaboni inapata pembe inayoitaka. Imetulia, lakini haina uaromatiki hata chembe: ina kifungo maradufu kimoja tu kati ya kaboni zake na hakuna elektroni zinazozunguka. Ina harufu inayokaa kwenye nguo siku kadhaa. Kwa jina la kundi ingestahili kuwa kinara wa aromatiki, na kwa kemia haimo kabisa. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonesha mtoto kwamba pete kubwa ina njia mbili za kupata amani. Njia ya kwanza ni kujikunja na kuacha mambo ya elektroni kuzunguka. Ya pili ni kulala bapa, ili elektroni zipate njia ya kuzunguka, na kulipa gharama ya ubapa huo. Gharama hiyo ndiyo inayokosekana katika madaftari yetu.

Nilijaribu kuwaonesha watoto siku moja kwa kutumia chelewa. Tulifumua ufagio barazani, tukakata vijiti vya urefu mmoja, tukafinyanga vidonge vya udongo kuwa kaboni. Sharti lilikuwa moja: kila kidonge kichomwe vijiti viwili kwa pembe ile ile, nyuzi 120, ambayo ndiyo kaboni za namna hii huipenda. Vidonge sita vilifunga duara bila shida, likalala juu ya saruji kama limechorwa. Vidonge vinane vikaleta ugomvi. Binti mmoja alilikandamiza duara lake kwa viganja, likawa bapa. Akaondoa mikono, ncha mbili zikainuka. Akakandamiza tena. Zikainuka tena. "Mwalimu," akasema, "hili lataka kuwa dau."

Ndivyo lilivyo kweli. Siklooktatetraini, pete ya kaboni nane yenye vifungo maradufu vinne vinavyopishana na vifungo vimoja, ilitengenezwa na Richard Willstätter mwaka 1911, na watu waliitarajia iwe ndugu wa benzini. Haikuwa. Inashambuliwa na bromini kama hidrokaboni yoyote ya kawaida yenye vifungo maradufu, na umbo lake limeinuka kama beseni, au kama alivyosema binti yule, kama dau. Vifungo vyake ni kifupi, kirefu, kifupi, kirefu. Sababu ziko mbili zilizofungana. Ya pembe mmeiona: duara bapa la pembe nane linadai nyuzi 135. Ya pili ni ya hesabu. Mwaka 1931 Erich Hückel alionesha kwamba pete bapa yenye elektroni za pai 2, 6, 10, 14, 18 na kuendelea hivyo, ndiyo 4n+2 yetu, hupata nafuu ya nishati, na yenye 4, 8, 12 haiipati. Ikilazimishwa kulala bapa na kuzigawana elektroni zake sawasawa huwa ni hasara tupu. Pete ya kaboni nane ina elektroni nane. Kwa nini ijikandamize, ilipe mkazo wa pembe, halafu ipate hasara juu yake? Inainuka ncha, inaondoka katika mchezo.

Lakini sasa iongezee elektroni mbili, kazi ambayo madini ya potasiamu huifanya kwa urahisi. Elektroni zinakuwa kumi. Pete ile ile iliyokataa kulala inalala bapa, na vifungo vyake vyote vinane vinakuwa na urefu mmoja. Pembe ni zile zile 135, mkazo ni ule ule, na juu ya hayo elektroni za ziada zinasukumana. Bado inaona faida. Ningekuwa na dakika kumi tu za kumfundisha mtu uaromatiki ni nini, ningezitumia zote kwenye molekuli hii moja. Hapa gharama na faida zimewekwa kwenye mizani mbele ya macho yako, na unaiona mizani ikigeuka.

Kinyume chake ni anulini ya kaboni kumi. Anulini ni jina la pete tupu za kaboni ambazo vifungo vyake vinapishana, kimoja na maradufu, mzunguko mzima. Hii ina elektroni kumi. Kwa hesabu ya kidato cha sita imefaulu, na mwanafunzi anayehifadhi kanuni ataandika "aromatiki" na kupata alama. Kwa hakika haijatulia kabisa. Ukiipanga kaboni zote zitazame nje, pembe zinafika nyuzi 144. Ukiingiza pembe mbili ndani ili kupunguza mkazo, haidrojeni mbili zinakutana uso kwa uso katikati ya pete na kusukumana, pete inapindika. Mwaka 1964 Mjerumani Emanuel Vogel alizitoa haidrojeni hizo mbili na mahali pake akaweka daraja la kaboni moja. Pete ikakaribia ubapa, na tabia ya aromatiki ikajitokeza hapo hapo. Idadi ya elektroni haikubadilika. Aliondoa kikwazo tu.

Ndipo ikaja ya kumi na nane. Franz Sondheimer na wenzake waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960, fuwele zenye rangi nyekundu ya kahawia. Kwa ukubwa huo haidrojeni 12 zinakaa nje na sita zinapata nafasi ndani bila kuumizana sana, kwa hiyo pete inaweza kulala karibu bapa kwa pembe zinazofaa. Je, elektroni zinazunguka kweli? Ushahidi uliletwa na kipimo kinachotumia sumaku, cha ukoo mmoja na MRI ya hospitali. Molekuli ikiwekwa ndani ya sumaku kali, elektroni zinazoweza kuzunguka pete huzunguka, na mzunguko huo unazalisha usumaku mdogo wake wenyewe. Walio nje ya duara wanaongezewa nguvu ya sumaku, walio ndani wanapunguziwa. Katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, haidrojeni za nje za pete hii zilisomeka kwenye 9.3 ya mizani ya kipimo hicho, na za ndani kwenye 3 chini ya sifuri ya mizani hiyo hiyo. Haidrojeni ya kawaida ya kifungo maradufu husomeka karibu na 5 au 6. Yaani chembe za aina moja, katika molekuli moja, zimetenganishwa mbali hivyo kwa sababu tu moja iko ndani ya duara na nyingine nje. Anulini ya kaboni 16, ambayo elektroni zake hazifuati kanuni ya Hückel, ilitoa picha iliyogeuzwa: za ndani zikapanda, za nje zikashuka. Sijui matokeo mengi ya kemia yanayonifurahisha kama haya mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu.

Hapa wengi hufunga kitabu wakisema kanuni imeshinda. Mimi naona hapa ndipo inapoanza kuchoka. Anulini ya 18 ina mzunguko, lakini haina ugumu wa benzini: bromini, ambayo benzini huipuuza mpaka iletewe kichochezi, inaingia kwenye vifungo vyake. Akiba yake, ukiigawa kwa kila kaboni, ni ndogo sana kuliko ya benzini. Na kadiri pete inavyokua, akiba inazidi kupungua.

Fikiria mchezo wa upatu. Watu sita wakicheza, zamu inarudi haraka, kila mmoja anaiona faida ya kuweka fedha yake kwenye duara. Wakiwa sitini, zamu iko mbali. Mtu ataona ni heri akopeshane na jirani yake wa mlango wa pili. Duara halijavunjwa na mtu, ila watu wamegawanyika wawili wawili. Elektroni katika pete kubwa hufanya vivyo hivyo: faida ya kuzunguka inakuwa ndogo, na kukaa baina ya kaboni mbili kunakuwa rahisi zaidi. Hugh Christopher Longuet-Higgins na Lionel Salem walilitabiri hilo mwaka 1959: katika anulini kubwa vya kutosha, vifungo vitarudi kuwa kifupi na kirefu hata kama hesabu ni ya 4n+2.

Ushahidi mkali kuliko wote nilioujua umekuja mwaka 2019. Watafiti wa maabara ya IBM karibu na Zurich pamoja na wa Oxford walitengeneza pete ya kaboni 18 tupu, bila haidrojeni hata moja. Walifanya kazi kwa ncha ya hadubini, wakizing'oa sehemu zisizotakiwa za molekuli moja moja, ikiwa imelazwa juu ya utando mwembamba wa chumvi, kwenye baridi ya takriban nyuzi 268 chini ya sifuri. Chumvi hasa, ile ile inayokaushwa kwa jua katika mashamba yetu ya chumvi hapa Pemba. Pete hiyo ina elektroni 18 zinazozunguka juu na chini yake, na nyingine 18 katika ubapa wake. Imetimiza kanuni mara mbili. Wananadharia walibishana kwa miongo kama vifungo vyake vitakuwa sawa au vitapishana. Picha ikaonesha: vinapishana, kifupi na kirefu, mzunguko mzima. Na ukiitoa kwenye baridi ile na ule utando wa chumvi, ikakutana na wenzake, haikai. Pete iliyofaulu mtihani wetu mara mbili haiwezi kuwekwa ndani ya chupa.

Kwa hivyo maumbile yenyewe yanapotaka pete kubwa, bapa, na ya kudumu, yanafanyaje? Toka nje ulitazame jani la mkarafuu. Kijani chake ni umbijani, na moyo wa umbijani ni pete kubwa ya ukoo wa pofirini: kaboni 20 na naitrojeni nne, na njia kuu ya elektroni 18. Ndiyo idadi ya anulini ya Sondheimer. Lakini tazama ilivyojengwa. Haikuachwa ikiwa duara tupu. Ndani ya ukingo wake mmefungwa pete ndogo nne za pembe tano, kila moja ikiikaza pete kubwa kama boriti zinavyokaza dari ya nyumba ya mawe. Haidrojeni zilizokuwa zikigombana katikati ya anulini hazipo. Mahali pake pana naitrojeni nne zinazoelekea ndani, na katikati pameketi magnesiamu. Toa magnesiamu, weka chuma, na kwa mabadiliko machache ya ukingoni unapata hemu, rangi nyekundu ya damu yako. Jani na damu, pete moja, na hakuna inayonukia kama karafuu.

Uimara wake ni wa kushangaza. Katika miaka ya 1930 Alfred Treibs aligundua pofirini ndani ya mafuta ghafi na ndani ya miamba ya mafuta. Majani na viumbe vya bahari vilikufa, vikazikwa, vikaoza, vikapikwa na ardhi kwa mamilioni ya miaka. Pete ikabaki, mara nyingi ikiwa imebadilisha magnesiamu kwa vanadiamu au nikeli. Hiyo ilikuwa moja ya hoja zilizothibitisha kwamba mafuta yametokana na viumbe hai. Hapa Pemba tunasubiri habari za mafuta na gesi kwa hamu na kwa mashaka, na ningependa watoto wajue kwamba ndani ya mafuta ya namna hiyo, popote duniani, mnaweza kukutwa mifupa ya umbijani wa kale.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloumaliza ubishi. Anulini ya 18 na pofirini zinashiriki hesabu moja. Moja ni kito cha maabara, nyingine imedumu kuliko milima. Tofauti yao ni ya ujenzi: ni nani aliyelipa gharama ya ubapa, na kwa nini.

Wanasayansi wenyewe wamejifunza kutoka hapo. Kundi la Harry Anderson la Oxford limekuwa likiunganisha pofirini zenyewe kuwa pete kubwa zaidi, pofirini sita, kumi na mbili, mviringo kama bangili. Mwaka 2017 walionesha kwamba bangili ya pofirini sita, yenye elektroni 84, haina mzunguko wa jumla ikiwa haijaguswa. Kila pofirini inajishughulisha na duara lake dogo. Ukiiondolea elektroni sita zinabaki 78, na sumaku inaona mzunguko wa aromatiki ukipita bangili nzima. Ukiondoa nne, zinabaki 80, mzunguko unageuka upande. Mwaka 2020 walifika kwenye pete yenye elektroni 162. Chukua kalamu: nne mara arobaini, ongeza mbili. Kanuni ya Hückel ilikuwa bado inafanya kazi kwenye duara la upana wa takriban nanomita tano.

Mtu ataniuliza: je, huo si ushahidi dhidi yangu? Naona unanitetea. Mzunguko unaoonwa na sumaku ni kitu kimoja, na akiba ya nishati ni kitu kingine. Katika benzini vinakwenda pamoja, ndiyo maana tukazoea kuvichanganya. Katika pete hizi kubwa vinaachana: sumaku inaona mkondo mahali ambapo akiba ya duara zima ni ndogo mno, na kinachoishikilia bangili isiporomoke ni uimara wa pofirini moja moja zilizomo. Wanakemia hawajakubaliana kipimo kipi kiwe hakimu wa neno "aromatiki". Mimi nasimama upande wa nishati. Tukisema kitu kimetulia, tuoneshe akiba yake. Mkondo ni dalili tu, kama moshi wa ubani ulivyo dalili kwamba kaa lingali na moto.

Sasa nirudi darasani. Kemia ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza, na sina nia ya kuufungua mjadala huo wote hapa. Lakini mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hutafsiri kichwani mwake, na "aromatiki" akaitafsiri "yenye harufu", basi amepotea kabla hajaanza. Tumwambie mapema, kwa lugha yake, kwamba ni pete ambayo elektroni zake ni mali ya wote na kwamba umoja huo umeipa akiba. Nimejaribu kuuita "utulivu wa shirika". Wenzangu wengine hawaupendi, na kama lipo neno bora nitalichukua kwa mikono miwili.

La pili ni mpangilio. Tunaanza na benzini na tunaishia na benzini, molekuli pekee ambayo kila kitu chake kimekaa sawa: pembe, ubapa, hesabu, akiba. Kumfundisha mtu utulivu kwa kumwonesha benzini tu ni kama kumfundisha ubaharia bandarini. Wiki moja ya pete nane, kumi na kumi na nane ingemfundisha zaidi ya muhula mzima wa kuhifadhi. Chelewa na udongo havina gharama. Zabadi, karafuu, majani na damu tunavyo.

Na mtihani ukiwa mikononi mwangu, ningeliacha swali la "taja kanuni ya Hückel" nikaweka hili: umepewa pete nne, ya eujinoli kutoka makonyo, ya sivetoni kutoka kwa ngawa, ya kaboni nane, na ya umbijani kutoka jani la mkarafuu. Eleza ipi imetulia kwa kujikunja, ipi kwa kuzungusha elektroni, na ipi imekataa kulala. Kisha sema ungeiongezea nini hiyo iliyokataa ili ilale, na itakugharimu nini.

Binti wa dau alilijibu kwa kurasa mbili na nusu, na mchoro wa ufagio pembeni.